Seli za Shibe

3 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, isipokuwa goti langu, ambalo halijawahi kuwa na adabu. Wewe je? Unakula?

Maana kitindamimba wetu anakula fungu lako na la mtaa mzima. Tangu atolewe ule uvimbe kichwani, akitoka mezani anaingia jikoni. Jana kamaliza sufuria ya wageni. Baba yako amechoka, anasema mwezi ujao mjomba aje amchukue akamnyooshe. Wewe unayechungulia ubongo wa panya, huna dawa ya ulafi?

Mama yako

20 Machi

Shikamoo mama,

Mimi mzima, na ninakula. Pole na goti.

Dawa sina. Kazi yangu ni kutambua seli tu. Chini ya ubongo kuna kijisehemu, haipothalamasi, ambako seli za njaa na za shibe zimechanganyika kama watu wa sokoni wasio na sare. Kila aina ina protini yake. Tunatumia kingamwili, kinga itokayo kwenye damu ya mnyama, inayoinasa, kisha rangi inawaka. Juzi niliboronga: kingamwili zote mbili zilitoka kwa sungura, na kwa kuwa rangi humfuata mnyama, zikashika ovyo, kila seli ikaonekana ya njaa na ya shibe pia. Bosi alicheka hadi akavua miwani. Nimerudia, moja ya sungura, moja ya mbuzi. Sasa nyekundu ni nyekundu, kijani ni kijani.

Mama, uvimbe wa mdogo wangu ulikaa hapo hapo. Nahofia seli zake za shibe ziliondoka nao. Si mlafi, ana njaa. Mwulizeni daktari aliyempasua. Tafadhali, asiende kwa mjomba.

Binti yako

18 Aprili

Shikamoo mama,

Hamjambo huko? Kimya chako kinanitisha. Mjomba amekuja?

Binti yako

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Nilinuna, nikaona yai linamfundisha kuku.

Mjomba alikuja. Begi likiwa mlangoni, nikamwuliza kitindamimba, bila ukali, "Hivi wewe ukishiba unajuaje?" Akasema, "Nimesahau kunavyokuwa, mama. Nakula nikiitafuta hiyo shibe."

Baba yako mwenyewe alilirudisha begi chumbani.

Daktari hakumung'unya maneno: ni kama ulivyosema, na chakula kipimwe, jikoni pafungwe. Tumeweka kufuli. Kila ninapofunga namwambia, "Najua una njaa, mwanangu." Siku ya kwanza alilia, akasema, "Kumbe unajua."

Mama yako