Aliyelala Chini ya Mplamu

Słonawa Zdrój,
12 Oktoba 1993

Kaka yangu mpendwa Zenon,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kassel, wewe na wifi Halina na watoto, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Sisi huku tunajikongoja. Mama anakula kidogo, analala kidogo, na ukimwuliza anaumwa wapi anasema haumwi popote. Sababu nitakueleza, ila nivumilie, maana sijui nianzie wapi.

Mji ni uleule. Bado nipo kwenye jumba la chemchemi, nawamiminia wagonjwa maji yanayonuka mayai viza. Juzi mzee mmoja wa Łódź alinusa kikombe akaniuliza, "Dada, humu mmefulia soksi za nani?" Nikamwambia za mume wangu, anywe tu, zimeshaponya wengi. Jioni yake alionekana akicheza dansi na mjane kutoka Radom, basi nadhani maji yalimfaa. Nyumba ya mapumziko ya wachimba makaa imeuzwa na kupakwa rangi ya waridi, aibu tupu. Ule ukuta wa miiba unaochuruzika maji ya chumvi, wanapokaa wagonjwa wa mapafu kuvuta hewa yake, umeoza upande mmoja na hakuna wa kuutengeneza.

Bi Irmgard alikuja Septemba kama kawaida yake. Unakumbuka alivyokuja mara ya kwanza, mwaka sabini na tatu, tungali watoto. Alisimama langoni pa nyumba alimozaliwa, hii hii waliyopewa wazazi wetu walipohamishwa kutoka mashariki baada ya vita, Wajerumani wakiwa wamefukuzwa, na Baba akadhani amekuja kuidai. Kumbe mwenzetu alikuwa anatafuta kaburi la Dieter, mdogo wake aliyekufa mchanga vita vikielekea mwisho. Hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumwambia kwamba makaburi ya Wajerumani yalikwishasawazishwa na halmashauri ili pawe bustani, na kwamba mawe ya makaburi hayo ndiyo yaliyojengewa ngazi alizopanda na sanduku lake asubuhi ile. Mama akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba hadi kwenye mti wa mplamu. Akamwambia, "Mdogo wako yuko hapa. Walipoleta tingatinga tulimhamisha wenyewe."

Siku ya pili Baba alichonga msalaba, akausimika pale. Tangu hapo kila mwaka Bi Irmgard alikuja kunywa maji ya chemchemi, na kila alasiri wawili hao walikaa pale na chai na keki ya hamira. Siku ya Watakatifu Wote Mama aliwasha mshumaa. Majirani walimsimanga: "Stefania, hata maiti za Wajerumani umezifanya wapangaji?" Naye akijibu kwamba huyu walau halalamikii baridi ya vyumba.

Safari hii Bi Irmgard alifika na kibali cha kufukua kaburi na mafundi wawili wa mazishi. Moyo wake umechoka, hataweza kusafiri tena, na anataka Dieter alale kando ya mama yao huko Göttingen. Mama alibadilika rangi. Alimwomba asubiri hata majira ya kuchipua. Mwenzake akasema, "Stefania mpenzi, mimi majira hayo sina hakika nayo." Mama akasema wachimbe.

Walikuta vibao vya kasha dogo na vijifupa vya kuenea kwenye viganja viwili. Mama aliwasogeza mafundi, akapiga magoti, akaviokota mwenyewe na kuvifunga katika kitambaa chetu cheupe cha meza ya mkesha wa Noeli. Bi Irmgard alimbusu mikono, kisha gari likaondoka.

Mimi nilijawa na fahari. Nikamwambia, "Mama, umetenda wema, mtoto amerudi kwao." Akanizaba kibao. Kisha akaketi pale pale kwenye udongo akalia, na katika kulia akanieleza.

Zenon, hakuna aliyemhamisha Dieter. Yuko bustanini kokote aliko, chini ya miguu ya watu. Aliyekuwa chini ya mplamu ni wa kwetu. Wewe si kifungua mimba wa Mama. Kabla yako alizaa mtoto wa kiume, akapumua hadi asubuhi akafa bila ubatizo, na padri wa wakati ule akakataa azikwe makaburini. Baba akamzika nyuma ya nyumba, akakataza asitajwe tena. Miaka yote ile Mama alipita pale na kapu la nguo kana kwamba anapita kwenye majani tu. Yule mama wa Kijerumani alipokuja kulia langoni, ndipo Mama alipoona njia. "Nilimpa mwanangu jina la Dieter," aliniambia, "ili naye apate msalaba."

Nilimwuliza kwa nini hakusema wakati wanachimba. Akasema, "Nimwambie nini, Wiesia? Kwamba miaka ishirini amemlilia mtoto wa mwingine? Yule anakufa. Mimi nimeshazoea."

Hajazoea, kaka. Kila asubuhi anasimama dirishani akitazama lile shimo, nami nashindwa kulifukia.

Ndiyo sababu ya barua hii. Göttingen si mbali na hapo ulipo. Mama anakuomba uende Siku ya Watakatifu Wote, uwashe mshumaa. Jiwe litasema Dieter, usiliguse. Ukimkuta Bi Irmgard, msalimie kwa heshima, mwambie Mama amekutuma umwone mdogo wake. Akishaondoka, uiname umwite Walenty. Ndilo jina Mama alilompa moyoni, na mpaka leo hakuna mtu aliyewahi kumwita.

Wasalimie wote nyumbani, wabusu watoto, na Mungu awalinde. Mama anakusalimu sana.

Ni mimi dadako,
Wiesława