Maiti Aliyempa Pole Mfiwa

Baba,

Shikamoo. Najua huko uliko kuitikia si rahisi, lakini wewe uliwahi kulala maiti ukashindwa kutulia, kwa hiyo sijakata tamaa.

Nianze na habari njema: Mama amecheka. Tangu tukuzike alikuwa amekauka. Halii, hacheki, chai inapoa mbele yake mpaka inafanya utando. Tumezoea Mama anayefoka, huyu aliyenyamaza tulishindwa kumjua, na mimi nilianza kuogopa kwamba atakufuata. Na aliyemchekesha ni wewe, kwa filamu ile ile aliyoapa kwamba haitachezwa ndani ya nyumba yake.

Unaikumbuka siku yenyewe? Nilikuwa nakusaidia kupanga vitunguu mezani, pale njiapanda ya Mkiwa. Likasimama gari, wakashuka watu wenye miwani ya jua, wakauliza kitunguu kikali kuliko vyote. Ukawauliza, cha kachumbari au cha mchuzi? Wakasema cha kulia. Yule dada mwigizaji wao mkuu, ambaye nchi nzima ilimjua kwa uzuri, alikuwa analia tangu asubuhi bila kutoa chozi. Sauti tu, kama mbuzi aliyefungwa vibaya.

Ukawachagulia. Kisha wakalalamika kwamba hata mtu wa kulala maiti amewakimbia. Kijana mmoja wa hapo kijijini alikubali, lakini alipoona sanda akakumbuka ana palizi. Ukasema, "Kulala tu? Hata mimi naweza."

Mama alipata habari kabla hujamaliza kuvua viatu. Akaja mbio, akasimama nje ya ua wa ile nyumba waliyoikodi. "Baba Neema, unajichuria! Mtu mzima hajilazi kwenye mkeka wa maiti!" Ukamwambia ni mchezo, na tena wamekupa soda. Akageuka akaenda zake, na habari ya filamu haikutajwa tena mbele yake.

Ukalala, ukafunikwa hadi kifuani. Wewe ndiye tajiri wa mjini, yule dada ndiye mkeo. Akajipaka kitunguu chako chini ya macho, akakuangukia. Baba, kile kitunguu! Machozi ya kweli, kamasi za kweli. Mwongozaji akawa anarukaruka kwa furaha, macho yote kwa dada, wewe hakuna aliyekuangalia. Mimi nilikuangalia. Kwanza kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kwa raha zake. Kisha harufu ikakufikia na wewe, chozi likateremka hadi sikioni. Halafu ukafumbua jicho moja, ukaona mtoto wa watu anavyoteswa na kitunguu ulichomchagulia mwenyewe. Mkono ukatoka chini ya shuka, ukampigapiga begani, na midomo ikasema, "Pole, mwanangu." Mwanangu, Baba! Mkeo huyo!

Waligundua walipofika mjini. Lakini yule dada hakuweza kulia vile tena, kwa hiyo wakaacha hivyo hivyo, wakafunika na muziki wa huzuni. Filamu ikapendwa kila mahali. Mabasi ya Mwanza yakawa yanaionyesha njiani, abiria wakishuka Mkiwa wanakutazama, wanatazamana, kisha mmoja anapaza sauti, "Maiti!" Nawe unaitika, "Naam, karibuni vitunguu."

Tangu hapo ukawa mtaalamu. Kwenye kibanda cha video wenzetu wanafuata jambazi na bunduki, wewe unakagua maiti. "Yule anapumua." "Yule kameza mate." Wale wa filamu za nje, wenye majina makubwa, nao hukuwaachia: "Kapigwa kifuani anashika tumbo. Huyu hajawahi hata kuumwa." Siku moja bwana mmoja alikufa kwa hotuba ndefu sana mpaka ukamwambia, "Kufa basi, tuna mashamba," kibanda kizima kikalipuka. Nilicheka nikadondosha karanga zote. Nikikuuliza mbona wewe ndiye ulikuwa mbaya kuliko wote, unajitetea kwa sauti ya mtu aliyeonewa. "Mimi sikuigiza, nililala tu. Sasa mtu analia mbele yako, utafanyaje?"

Basi. Siku ya kuanua matanga alikuja Mzee Masanja, mtani wako Msukuma. Unamjua alivyo kwenye misiba, na ndiyo kazi ya mtani. Akatandika mkeka katikati ya uwanja, akavaa koti lako, lile la kijivu, akalala na kujifunika shuka. "Mimi ni tajiri wa Mkiwa, nimekufa, nilieni!" Watu wakaanza kuguna na kucheka. Akafumbua jicho moja. Akatoa mkono, akampigapiga bega jirani yetu mmoja aliyekuwa amekaa karibu. Uwanja wote ukaangua kicheko, mimi nikamtazama Mama, nikajua sasa anainuka anaingia ndani.

Hakuinuka. Akauliza, "Huo mkono ni wa nini?"

Miaka yote ile, Baba, Mama alijua kwamba ulilala maiti. Hakujua kwamba ulishindwa.

Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Nionyeshe." Tukaingia chumbani kwenu, nikaitafuta kwenye simu yangu, ile yenye kioo kilichopasuka. Akaishika karibu na uso. Kifua chako kikaanza kupanda na kushuka, naye akapumua. Mkono ulipotoka chini ya shuka akasema, "Rudisha." Nikarudisha. "Ndivyo alivyonipiga bega siku tulipomzika mama yangu. Hivyo hivyo, kidogo kidogo, kama anapima kitunguu." Kisha akaiona midomo. "Anamwita mwanangu?" Hapo ndipo alipocheka. Akacheka akainama, akajishika mbavu, na kicheko chenyewe kikageuka kilio, kile tulichokuwa tunakisubiri. Nami nikalia. Nimefurahi sana, Baba, sijui kama inafaa kusema hivyo msibani.

Nimewaza jambo. Hatuna picha nyingine yako inayocheza. Tuna ile ya harusi na ya kitambulisho, na zote umekaza uso. Ungekuwa mwigizaji mzuri, tungebaki na filamu ya maiti. Kwa ubovu wako tumebaki na wewe.

Kwa hiyo nakuahidi. Meza ya Mkiwa sitaifunga, na abiria wakiuliza Maiti yuko wapi nitawaambia ukweli, kisha nitawachagulia kitunguu kikali. Simu hii ikifa, filamu nitaihamishia nyingine. Na Mama akitaka kuiona, hata iwe katikati ya kupika, nitaacha mwiko nimrudishie.

Jana alitaka. Mkono ulipotoka chini ya shuka, aliiondoa simu usoni akaiegemeza begani kwake, akafumba macho.

Lala salama, Baba. Ukisikia mtu analia, usijizuie.

Mwanao,
Neema