Uzito wa Lori Siku ya Ajali

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Luka Maige. Umri: miaka 52. Kazi: mwalimu wa fizikia, sekondari. Makazi: Nyahanga, Kahama.

Afande, karatasi ya hesabu iliyomweka Eustace mahabusu niliiandika mimi. Kuzidisha na kugawanya nilifanya sawasawa. Jibu ndilo la uongo.

Mnamo tarehe 11 Juni 2024, saa nne na dakika arobaini asubuhi, lori la shemeji yangu Mabula liligonga pikapu ya Eustace iliyoharibikia barabarani hapa Nyahanga. Eustace anasema aliweka matawi ya kutahadharisha. Mabula anasema hakuona hata jani. Magari yalinasana, yakaburuzika mita tisa.

Jioni Mabula alikuja kwangu. "Shikamoo Mwalimu. Trafiki wanasema nilikimbiza." Akadai alibeba mawe ya dhahabu, lori na mzigo tani kumi, na mawe yalihamishiwa gari jingine kabla trafiki hawajafika. Sikuhoji. Mimi nikiombwa hesabu nyumbani huwa kama kuku aliyemwagiwa mtama.

Nilimweleza kwamba momenta, yaani uzito mara mwendo, haipotei magari yakigongana. Iliyokuwa ya lori peke yake sasa inabebwa na yote mawili. Kwa alama za matairi, yaliponasana yalikwenda kilometa 40 kwa saa. Pikapu ni tani mbili. Kumi na mbili mara arobaini, gawa kwa kumi: 48, mwendo wa lori kabla ya kugonga. Mwendo unaoruhusiwa hapo ni hamsini. Nikasaini.

Mabula akauliza, "Kwa hiyo mzigo ukizidi, mwendo unatoka mdogo?" Nilimfundisha kidato cha pili, akapata nane kwa mia. Nilimwita mke wangu aje asikie mdogo wake alivyoelewa. Karatasi ikaenda kwa trafiki, kosa likabaki kwa Eustace kwamba hakuweka matawi.

Jana saa sita mchana nilikula kwa Mwahija, mama lishe wa pale karasha wanaposaga mawe. Akasema Mabula siku ile alishusha mzigo wote saa tatu, akala chapati nne, akaondoka na lori tupu.

Nikabisha: "Alikuwa na tani sita!"

"Basi ni chapati zangu, Mwalimu."

Watu walicheka. Nami nilicheka, kisha nikatoa kalamu.

Lori tupu ni tani nne. Sita mara arobaini, gawa kwa nne: 60.

Nilimpigia Mabula. Alisema, "Shemeji, ulifundisha vizuri. Sasa acha."

Naomba karatasi yangu ya kwanza ifutwe na Eustace atoke. Mke wangu hajui nimekuja.

Hayo ndiyo ninayoyajua, nimeyasema bila kushurutishwa.

Sahihi: L. Maige, 15/06/2024

Nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi. Nilimwuliza kama atayarudia mahakamani mbele ya shemeji yake. Akajibu: ndiyo.
Koplo Donatus