Mke wa Jumamosi

Dada yangu,

Sisi wazima. Paa la jikoni limezibwa, na wodini wamenipa likizo ya wiki mbili.

Nimejifunza karata, ule mchezo wa watu wanne, wawili wawili. Mume wangu alikuwa akinikataza, eti nitachoka bure. Jumamosi nikamfuata kwa kinyozi, kule ng'ambo ya soko wanakochezea, nikaketi mkabala naye tuwe timu moja. Kinyozi akanielekeza: fuata rangi iliyotupwa, ukiikosa kata kwa turufu, lakini mwenzako akiwa anashinda usimkate. Nilimkata mume wangu mara mbili. Wakacheka.

"Bwana, huyu mgeni umemtoa wapi?" kinyozi akamwuliza. "Mkeo hakosei hivi."

"Mke yupi?" nikauliza.

"Si yule mrefu, mwenye mwanya! Miezi mitatu walitufunga kila Jumamosi, hawasemezani, wanatazamana tu."

Mume wangu akazidi kupanga karata ambazo zilikuwa zimeshapangika. Nikaweka zangu mezani, nikaenda nyumbani. Alikuja nyuma yangu akisema, "Tulikuwa tunacheza tu." Sasa analala kwa kaka yake.

Miezi hiyo mitatu ulilala kwangu, ukila sahani moja nami. Kila Jumamosi nikirudi zamu nilikushukuru kwa kunilelea mwanangu, na ulipokea shukrani hizo ukitabasamu. Mengine sikuulizi. Nijibu hili tu: mlikuwa mkimwacha na nani?

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja.