Bitana ya Sufu

Winnipeg, 2 Mei

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumai hamjambo, na mgongo wa Babu umetulia. Mimi mzima, ila nimesahau vibana-goti vyangu kwako tangu Pasaka, zile soksi nene za mpira ninazovaa magotini. Viko juu ya mashine ya kufulia. Nitumie haraka, mashindano ya kuinua vyuma ni tarehe 18. Nikiinua jumla ya kilo 380 katika minyanyuo yote mitatu naingia timu ya vijana ya mkoa, na mwakani umri utakuwa umenipita. Tangu goti lipasuliwe sijathubutu kuchuchumaa na chuma begani bila vitu hivyo. Nakuambia wewe tu: naogopa.

Mjukuu wako,
Larysa

Dauphin, 12 Mei

Larysa wangu,

Marahaba. Hatujambo, mgongo unalalamika kuliko mwenyewe. Babu yako anauliza kama wanaume wa Winnipeg wamekwisha, hata ubebe vyuma wewe. Usimjali, picha yako ameibandika ndani ya trekta.

Vibana-goti hivi hapa. Nimeona vimechakaa, nikavitia bitana ya sufu kwa ndani, maana goti linataka joto. Nimekufumia na soksi ndefu nyekundu, chuma kisikuchubue miguu. Na ule! Usizikatae pyrohy zangu za viazi kwa sababu ya mizani.

Bibi yako,
Stefania

Winnipeg, 19 Mei

Bibi,

Shikamoo, na kaa kitako kwanza. Kifurushi kilifika asubuhi ya mashindano. Barua niliisoma nikiwa tayari kwenye foleni ya ukaguzi wa vifaa, na nilipofika kwenye neno bitana zamu yangu ilikuwa imefika.

Mkaguzi, mama mmoja wa miwani, akaingiza mkono ndani.

“Nani kakushonea?”

“Bibi yangu.”

“Ana mkono mzuri huyo! Lakini hapana, mwanangu. Sheria inataka mpira mtupu, hakuna kuongeza kitu.”

Vya wenzangu havikunienea. Nikamwendea kocha Gord nikilia.

“Goti limepona zamani,” akasema. “Wewe ndiye bado unaumwa. Nenda kachuchumae.”

Nikaenda magoti wazi, Bibi, na kovu langu mbele za watu. Tulipunguza kilo tano katika 145 tulizopanga, tukaweka 140. Nilishuka, nikapanda. Taa tatu nyeupe, waamuzi wote wamekubali! Kwenye benchi, kusukuma chuma nikiwa nimelala chali, nikapata 75 zangu za kawaida. Sasa ilibaki kuinua chuma toka sakafuni, na zile tano tulizopunguza ilibidi nizifidie hapo: 165, uzito ambao sijawahi kuusogeza.

Hapo soksi ndefu ni lazima. Mkaguzi akazitazama zako nyekundu, akacheka: “Huyo bibi tena? Hizi pita nazo.” Nikavuta mpaka nikaona nyota. Nyeupe, nyeupe, nyeupe. Jumla 380 kamili! Nilipiga kelele hadi sauti ikanikauka. Nimo kwenye timu, Bibi. Na siogopi tena.

Mjukuu wako,
Larysa

Dauphin, 26 Mei

Larysa wangu,

Marahaba, marahaba mara mia. Babu alinisomea barua yako mara tatu. Pale kwenye bitana nilijifunika uso kwa aproni, kwenye taa nyeupe nikamkumbatia yeye na mgongo wake.

Vile vibana-goti virudishe. Babu anavitaka kwa kupalilia viazi, anasema shambani hakuna mkaguzi. Magoti yako yaache wazi kama unavyotaka, mimi nayapenda hivyo hivyo.

Mwezi wa nane timu ikishindana tutakuja wote wawili, tukae mstari wa mbele. Sindano naiacha nyumbani.

Bibi yako,
Stefania