Mtutu wa Pili

Mjukuu wangu Denisi,

Huku Usevya hatujambo, mpunga umeanza kuchanua, na bibi yako anakusalimu sana.

Unauliza bunduki ipi ya mitutu miwili ni tamu zaidi kupigia shabaha huko klabuni kwenu. Nilipokuwa msoma nyayo kwenye kambi ya wawindaji, mgeni mmoja alinipa zake mbili nijaribu kwenye kichuguu. Ile kubwa ya tembo ilinikalisha chini. Ile nyembamba ilinisukuma bega kama ndama anavyogonga kiwele, nikacheka. Nikataka kupiga tena, lakini mwindaji wetu, aliyewaongoza wageni, akanishika mkono.

"Kijana, mtutu wa kwanza ni wa nyati. Wa pili ni wa kurudi nyumbani salama."

Nikairudisha ikiwa bado na risasi moja kwenye mtutu wa pili. Wewe huko huna nyati mbele yako. Chukua nyembamba, unipigie huo mtutu wa pili, uniambie ulivyo.

Babu yako