Macho Uliyowachorea Marehemu

Baba yangu,

Nimekutengenezea tovuti. Najua ungeuliza kwanza ni kitu gani hicho na kinakula umeme kiasi gani. Ni kama lile kabati la kioo lililokuwa mbele ya studio yako pale Vwawa, ulimobandika picha ulizojivunia ili wapita njia wasimame. Tofauti ni kwamba mbele ya hili anaweza kusimama mtu aliyeko popote, mradi ana simu. Siku hizi ndiyo kazi yangu, pamoja na kupiga picha za pasipoti hapa Tunduma. Wapiga picha za harusi, wachoraji wa mabango, yule fundi wa Mkwajuni anayechonga vinyago vya wachimbaji dhahabu, wote nimewatengenezea za kwao. Kila mmoja anataka rangi nyeusi nyuma, jina kwa herufi kubwa, na ukurasa wa kujieleza ambapo anajiita mtumwa wa mwanga. Nawaandikia hivyo hivyo, nimekaza uso nisicheke.

Yako niliiacha mwisho kwa sababu niliiogopa. Ulipofariki nilibeba lile sanduku la bati lenye picha zako, nikalisukuma chini ya kitanda na likakaa hapo miaka minne. Kila nikifagia ufagio unaligonga, nami najifanya sijasikia. Halafu mwaka huu nikajiuliza, kama naweza kumsifia kijana anayerusha droni juu ya maharusi, nashindwaje kumsifia baba yangu? Nikalifungua. Negativu zote zilikuwa zimeliwa na unyevu, zimegandana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Lakini picha za karatasi, zile ulizozihifadhi kwenye bahasha na majina ya vijiji, zilikuwa nzima. Nikachagua thelathini na sita, nikaziskani moja moja, na mbele kabisa nikamweka mama.

Unaijua picha yenyewe, ndiyo hiyo moja tuliyonayo tangu afariki nikiwa mchanga. Mama amekaa kwenye kiti cha studio, kilemba chake kimefungwa vizuri, mimi niko mapajani nimeviringishwa kitenge, nina siku tisa. Ananitazama. Nikisema ananitazama nina maana mimi niliyesimama mbele ya ukuta, wala si yule mtoto mapajani. Nimekua chini ya macho yale. Nilikuwa namuaga nikienda shule, na siku nilipovunja kioo cha taa nikakudanganya, nilipita sebuleni nimempa mgongo. Wewe ulikuwa unasema tu, "Mama yako anakuona." Nilikuwa naamini hivyo, baba. Mpaka mwezi uliopita nilikuwa naamini.

Nilipomaliza kupanga picha nikaifungua tovuti kwenye simu ili nione inavyokaa. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, malori yamejipanga kungoja kuvuka mpaka na madereva wanapigiana honi. Hakuna mazingira yasiyo ya kutisha kuliko hayo. Hata hivyo picha zilipofunguka zote kwa pamoja, ndogo ndogo, sita kwa sita, nilihisi kuna mtu ndani ya duka. Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Nikarudi kwenye simu.

Watu wa pichani walikuwa wananitazama kwa namna moja. Si wote. Kama nusu yao walikuwa na macho ya kawaida, huyu mkali, huyu mwenye aibu, huyu anamwangalia mtu pembeni. Lakini kumi na saba, nimewahesabu, walikuwa na macho ya mtu mmoja. Mzee wa Isansa mwenye ndevu, msichana wa Itumba aliyevaa sare ya kwaya, mama mnene ambaye jina la kijiji chake limefutika, wote walinitazama kwa namna ile ile, kama ndugu waliotumwa na mtu mmoja kuja kuniuliza jambo. Picha hizo hazikuwahi kukaa pamoja. Kila moja ilitundikwa kwenye ukuta wake, huyu Mbozi, yule Ileje, nani angezilinganisha? Nimezikutanisha mimi.

Nikakuza uso wa yule mzee wa Isansa mpaka jicho likajaa kioo chote cha simu. Hapo nikaziona alama za brashi. Na katikati ya mboni, pale palipo na nukta ya mwanga, nikaona dirisha. Dirisha dogo lenye nondo mbili za kusimama na moja ya kulala. Mzee yule alipigwa picha shambani kwake, migomba inaonekana nyuma ya bega. Nikakuza yule wa kwaya, nikakuta dirisha. Nikakuza wote kumi na saba na dirisha lilikuwemo.

Ndilo dirisha la studio yako, baba. Nalijua kwa sababu nilikaa mbele yake utoto wangu wote. Ukiwa na kazi ya brashi ulikuwa unaniita, "Mama, njoo ukae na baba." Unanipandisha kwenye stuli, unanipa andazi, unaniambia nitazame dirishani nisifumbe. Nilikuwa nahesabu baiskeli zinazopita barabarani. Wewe ulikuwa unanitazama usoni, unainama, unachora, unanitazama tena. Ukikosea unalowesha pamba, unafuta, unaanza upya. Nilidhani unafurahi kuwa na mimi. Nadhani ulifurahi pia, sikunyimi hilo.

Nilijua ulikuwa fundi wa kufumbua macho. Mtu akipepesa wakati wa kupigwa, wewe humwiti arudi tena kutoka Mkwajuni kwa kosa dogo hivyo. Unamchorea macho juu ya karatasi, unaipiga picha ile karatasi upya, unampa nakala safi naye anaondoka anajiona mzuri. Hilo lilikuwa jambo la kuchekesha nyumbani kwetu. Ambalo hukuniambia ni kwamba walikuwepo wengine wasiopepesa. Nililisikia kwa mwanamume mmoja wa Itumba, ambaye niliposambaza kiungo cha tovuti kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, alinipigia siku hiyo hiyo.

"Huyu wa sare ya kwaya ni dada yangu," akasema. "Unajua alipigwa lini?"

"Sijui, kaka. Bahasha haina tarehe."

"Alipigwa amelala, tumemfunika mpaka hapa kifuani. Hakuwa na picha hata moja. Baba yako alikuja na pikipiki, akapanda juu ya kiti, akampiga kutokea juu. Wiki moja baadaye akatuletea amefumbua macho. Mama aliikumbatia ile picha akalala nayo."

Nikamwambia nitaiondoa. Akasema hapana, iache, ila andika jina lake. Nimeliandika.

Sasa nikaelewa mambo ambayo yamenifuata tangu nina akili. Unakumbuka yule bibi wa Isansa aliyenishika mashavu pale kanisani akaanza kulia, nawe ukanivuta haraka tukatoka? Na hapa Tunduma wateja hunikazia macho mpaka nasahau ninachofanya. Juzi juzi mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alikuja kupiga picha za pasipoti. Alinisalimia, "Mulishani, mayo," halafu akasogeza uso karibu na wangu. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni kama sisi ni ndugu, kwa sababu marehemu shangazi yake, aliyeolewa upande huu wa Mbozi, "ananiangaliaga vile vile, pale ukutani." Nilimcheka. Nikamwambia watu wa mpakani wote tunafanana. Alipoondoka nilifunga mlango, nikajipiga picha ya pasipoti, nikakata sehemu ya macho, nikaiweka chini ya macho ya wale kumi na saba. Sikuhitaji kutazama mara mbili.

Ni yangu. Watu wa mkoa huu wamezika wapendwa wao, na kwenye kuta zao ninawatazama mimi. Sijui hata umri wangu ni upi ndani ya kila nyumba, hapa nina miaka sita, pale kumi na mbili. Nilikasirika, nisikufiche. Nilikutukana kwa sauti dukani. Ungeniomba, baba. Ungesema tu.

Lakini hilo halikuwa baya kuliko yote, na wewe tayari unajua ninakokwenda. Nilikuwa nimekuza macho ya kila mtu isipokuwa mama. Nilizunguka siku mbili. Nikapika, nikafua, nikatengeneza ukurasa wa mchoraji mmoja mpaka akanishukuru kwa haraka niliyomfanyia. Siku ya tatu nikaitoa ile picha yenyewe kwenye fremu, nikaiweka chini ya kioo cha kukuzia. Dirisha lilikuwepo. Nondo mbili za kusimama, moja ya kulala.

Wakati huo watu walikuwa wameshaanza kusema. Kwenye kundi mtu aliandika, "Kumbe mzee alikuwa anakalisha maiti kwenye kiti." Mwingine akauliza, na yule mke wake je, mbona mtoto ana siku chache na wote tunajua mama alikufa mtoto hajatimiza wiki mbili? Nikafuta ujumbe, nikazima simu, maneno yakabaki. Nikapanda gari kwenda Isansa kwa shangazi Neema, dada yako, kwa kuwa ndiye aliyebaki.

Nilimkuta anaanika kahawa. Nikamwonyesha. Hakushangaa, akaendelea kugeuza kahawa kwa mikono.

"Mimi sikuwepo, mwanangu," akasema. "Nilifika asubuhi na uji wa mzazi. Mlango wa studio umefungwa kwa ndani. Nikagonga mpaka nikachoka. Kaka alipofungua, mama yako yuko kwenye kile kiti, kilemba kichwani, ameshapoa. Wewe umelala kwenye kikapu. Kamera imesimama kwa miguu yake."

"Kwa hiyo alimpiga ameshakufa?"

"Nimekwambia sikuwepo. Sikumuuliza na yeye hakusema. Picha yenyewe hakuitundika mpaka ulipokuwa na miaka mitano, ulipoanza kumdai mama yako."

Akaosha mikono, akanitazama usoni muda mrefu. "Mama yako hakuwa na macho haya," akasema. "Yake yalikuwa madogo."

Nilirudi Tunduma nikiwa sina mama. Sijui nikuelezee vipi zaidi ya hivyo. Yule niliyemuaga kila asubuhi alikuwa mimi mwenyewe wa miaka mitano, naangalia baiskeli. Chini yake kulikuwa na mwanamke nisiyemjua, aliyefungiwa ndani na mume wake na kamera. Kama alikuwa maiti, basi nimelelewa na mtu aliyemweka mtoto wa siku tisa kwenye mapaja yaliyopoa, akamwambia miaka yote kwamba anaonekana. Niliondoa picha kwenye tovuti. Lakini nisingeweza kuiondoa kichwani, na negativu haikuwepo, na shangazi alikuwa amesema yote anayoyajua. Picha hii hukuipiga upya kama zile za wateja, rangi yako ya maji ilikuwa juu ya karatasi yenyewe. Njia ilikuwa moja tu, na nikiipita sirudi. Nikilifuta lile jicho, sitaweza tena kulichora, na yule aliyenitazama miaka arobaini na mbili tangu ulipomtundika atakuwa ameondoka kabisa.

Nilifanya Jumapili baada ya ibada, mlango wazi, kwa sababu nilitaka watu wapite nje. Nikalowesha pamba.  Nikaanza na jicho la kushoto, kwa kuzungusha, polepole, kama ulivyokuwa unafanya. Rangi ilitoka ya kijivu kwenye pamba. Dirisha likaenda kwanza, kisha mboni, kisha ule weupe. Nilikuwa nangoja kope iliyofungwa. Nilishajiandaa kuiona, nilishajiambia nitakusamehe.

Kope ilikuwa imeshuka, ndiyo, lakini haikufungwa. Chini yake kulikuwa na mstari mwembamba wa jicho, mdogo kama shangazi alivyosema, na ndani ya mstari ule nukta nyeusi imekwenda pembeni kabisa, chini, upande wangu. Nikafuta la kulia. Nalo lilikuwa limeshuka huko huko. Aliyekufa hamtafuti mtoto kwa macho, baba. Mama alikuwa hai. Alikuwa amechoka, pengine alijua, pengine yeye ndiye aliyekuambia umpeleke kwenye kiti na umfunge kilemba kwa ajili ya picha hiyo. Hakuitazama kamera wala hakukutazama wewe uliyesimama nyuma yake. Alikuwa ananitazama mimi.

Nimeirudisha kwenye tovuti, mbele kabisa kama mwanzo. Anayeifungua sasa hatazamwi na mtu, atamkuta mwanamke ameinamisha macho, hana habari naye. Wale kumi na saba nimewaacha na macho yangu, na majina yao nayatafuta nyumba kwa nyumba. Jana asubuhi nilitoka kwenda dukani, nikasimama sebuleni kumuaga kama kawaida. Sikupata jibu, alikuwa ameshughulika na mtoto wake.

Pumzika, baba. Huko uliko kama mko pamoja, mwambie nimemwona.

Ni mimi binti yako, yule wa mapajani.